Hatupigani wala hatutukanani, mbona mtoto ana roho ngumu?

“Shikamoo Shangazi. Binti yangu ana miaka 9, yuko darasa la nne hapa Morogoro. Mwalimu wake ameniita: akikosana na mwenzake hamsemeshi wiki nzima, na anawakataza wengine wasicheze naye. Sasa kuna mtoto amegoma kwenda shule kwa sababu yake. Mimi na baba yake hatupigani wala hatutukanani. Tukikorofishana, kila mtu anakaa kimya mpaka hasira ziishe, hata wiki 2. Hii tabia kaitoa wapi?” – Mama B.

Marahaba, mwanangu. Kaitoa hapo hapo nyumbani, na wewe mwenyewe umeshaniandikia.

Kutopigana ni jambo kubwa, sitalidharau. Lakini katika wiki hizo 2, nani anapeleka ujumbe? “Mwambie baba yako chakula tayari.” “Muulize mama yako funguo kaweka wapi.” Sina shaka ni huyo binti. Anajua nani kanuna kabla hajavua viatu vya shule. Kwenu amejifunza kwamba aliyekasirika hasemi, na atakayeanza kusema ndiye aliyeshindwa. Hilo la kuwakusanya wenzake nalo, hebu jiulize: ukimpigia simu dada yako kumsimulia ya mumeo, mtoto anakuwa wapi?

Mwaka 1961 mwanasaikolojia Albert Bandura na wenzake walifanya jaribio na watoto 72 wa chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Baadhi yao walimtazama mtu mzima akimtwanga kwa nyundo mwanasesere mkubwa wa kujazwa upepo, huku akimtolea maneno. Hakuna aliyewaambia waige. Walipoachwa na mwanasesere huyo, wengi wa waliotazama walimpiga vilevile, na wapo waliorudia hata maneno. Utasema ninyi hamna nyundo. Ni kweli, ila mtoto haigi fujo tu. Anaiga chochote anachoona wakubwa wakifanya wanapoudhiana.

Kwa hiyo usianze na mtoto, anza na baba yake. Chagua siku mnayoelewana, umweleze alichosema mwalimu, na usifungue mazungumzo kwa “wewe ndiye”. Kubalianeni kwamba mtoto hatumwi tena ujumbe baina yenu. Aliyekasirika aseme: “Nimeudhika, sasa hivi siwezi kuongea, tuongee kesho jioni.” Na hiyo kesho muongee kweli.

Halafu kuna jambo ambalo wanandoa wengi hawalioni. Mnanuniana sebuleni, mnapatana chumbani. Mtoto anaona nusu ya kwanza tu. Asubuhi anawakuta mnacheka, hajui mlifikaje hapo. Pataneni mbele yake. Akusikie ukisema, “Baba B., jana nilikujibu vibaya, nisamehe,” na amsikie baba akijibu. Najua kwa wanaume wetu wengi hili ni gumu kuliko kununua kiwanja, ila aanze hata kwa salamu. Akikataa kabisa, waendeeni wasimamizi wenu wa ndoa. Mama mkwe mwacheni kwanza, tafadhali.

Binti usimchape, wala usikubali asimamishwe mbele ya darasa kuomba msamaha. Ataona aibu, na hasira atazimalizia kwa yule yule mwenzake. Muulize taratibu nini kilimuudhi, umsikilize mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha mtafute pamoja sentensi moja ya kumwambia mwenzake.

Aliyeumia zaidi hapa ni yule mtoto aliyegoma shule, kwa hiyo usisubiri ndoa yenu inyooke. Wiki hii hii mpigie mama yake, omba kwenda kwao, na ukifika uanze wewe kusema na mama mwenzio, watoto wakisikia. Usiwalazimishe kukumbatiana. Wakicheza dakika chache siku hiyo, inatosha. Mwalimu naye mweleze mlikofikia, ili mtoto yule atakaporudi darasani akute kuna mtu mzima anayemwangalia, hasa saa ya mapumziko.