Mdogo wangu, huku sihesabu vidonge

Ujumbe wako nimeusoma ndani ya basi nikitoka zamu. Umeuliza mawili: kama ni kweli mfamasia wa hospitali Uingereza "anakaa kwenye kiti cha kuzunguka anahesabu vidonge", na kama mama auze shamba la Muheza ili nawe uje. Nakujibu kidugu, sikupaki mafuta kwa mgongo wa chupa.

Vidonge sihesabu. Chumba cha dawa kina roboti linalochomoa maboksi rafuni, na mafundi sanifu wa dawa ndio wanaolisimamia. Mimi nashinda wodini. Asubuhi nagawiwa vitanda. Siku nzuri 24, siku mwenzangu akiugua nabeba na vya kwake. Mgonjwa akilazwa, orodha ya dawa zake inatakiwa ihakikiwe ndani ya saa 24: nyumbani alikuwa anakunywa nini, kiasi gani, kipi kimesahauliwa. Namhoji mwenyewe, nafungua rekodi za daktari wake wa mtaani, na mara nyingine nampigia bintiye anisomee maboksi yaliyo kabatini. Hapo bado sijaangalia figo zake, uzito wake, wala mzio.

Wiki iliyopita bibi mmoja alikuwa na utepe mwekundu mkononi: mzio wa penisilini. Kwenye chati kaandikiwa Tazocin, antibiotiki. Jina lenyewe halikuonyeshi kitu, ndiyo maana usiku linawapita watu, lakini ndani yake mna piperasilini, na hiyo ni penisilini tu. Nikamfuata daktari, kijana wa watu, macho mekundu kwa kukesha. Akasema asante, akabadilisha palepale, akaendelea na chai yake iliyopoa. Basi. Hilo ndilo linalonishikilia huku kuliko pesa. Hata daktari bingwa namwita kwa jina lake la kwanza, na nikisema dozi haifai ananisikiliza. Unakumbuka nilivyokuwa mwaka wa mafunzo kazini huko nyumbani, nikauliza swali nikafokewa mbele ya wagonjwa nirudi dirishani kwangu? Siku ile nililia chooni. Sijamwambia mama.

Lakini usidhani huku ni peponi. Mwaka wangu wa pili, Ijumaa jioni, watu wanaharakishwa kuruhusiwa ili vitanda vipatikane. Mzee mmoja anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kaongezewa klarithromaisini, antibiotiki ya kifua. Dawa hizo mbili zikikutana, damu inakuwa nyepesi kupita kiasi. Nilijua, nilifundishwa, na bado nikapitisha dawa zake bila kumpangia kipimo cha damu cha mapema. Siku ya nne akarudishwa, pua inatoka damu haikatiki. Alipona. Ripoti ya tukio niliiandika mwenyewe, mikono ikitetemeka, nikijua leseni ndiyo imekwenda. Mkuu wangu alianza na swali moja: siku ile ulikuwa na vitanda vingapi? Vilikuwa 41. Sikufukuzwa. Ila hadi leo nikiziona dawa hizo mbili kwenye chati moja, tumbo linakaza.

Sasa pesa, maana najua ndiko mlikokuwa mnaelekea. Mfamasia mpya kwenye hospitali za serikali huanzia ngazi ya 6 ya mishahara, na kwa mwaka wa 2025/26 ngazi hiyo ilianza na pauni 38,682 kwa mwaka, kwa saa 37.5 za kazi kwa wiki. Nyie mnazidisha mara elfu tatu na ushee mnaona nimetajirika. Anza kutoa: kodi, bima ya taifa, pensheni. Mkononi zinabaki kama 2,400 kwa mwezi. Chumba na sebule nalipa 850, bado umeme, kodi ya halmashauri, basi. Ninachowatumia kinatoka kwenye zamu za wikiendi na usiku wa kuitwa, pale simu inapolia saa nane wodi inataka dawa ambayo haipo kwenye kabati lao. Idi ya mwaka huu nilikuwa kazini. Pilau nililiona kwenye simu.

Na njia ni ndefu. Shahada yako ya miaka minne ya MUHAS, chuo kikuu cha afya cha hapo Dar, haikuingizi kazini moja kwa moja. Baraza la wafamasia la huku, GPhC, linataka kwanza IELTS, mtihani wa Kiingereza, yenye alama 7 katika kila sehemu. Kisha unasoma kozi ya mwaka mmoja iitwayo OSPAP, kwa ada ya wageni, na vyuo vinavyoitoa ni vichache. Sunderland na Brighton vimo. Ukimaliza, wiki 52 za mafunzo kazini, nafasi unaitafuta mwenyewe. Halafu mtihani wa usajili, Juni au Novemba, na ukianguka mara tatu ndiyo kwaheri. Mwaka wa kozi mimi nilikuwa nawaogesha wazee kwenye nyumba za kutunzia, nina digrii ya famasi mfukoni.

Kwa hiyo fanya hivi. IELTS fanyia hapohapo Dar, kwa mshahara wako. Omba Baraza la Famasia barua ya kuthibitisha usajili wako, maana nayo huchukua muda. Ukipata 7 zote nne, tutahesabu ada pamoja. Shamba mwambie mama asiliguse kwanza, hata yule mnunuzi akiongeza bei. Nipigie Jumapili baada ya saa kumi za huko, siko zamu.