Vishikwambi 12, wanafunzi 48: mwalimu aanzie wapi?

Shikamoo Mwalimu. Nimelisoma swali lako mara mbili. Umefundisha kwa chaki miaka 22, shule imeletewa projekta moja na vishikwambi 12, darasa lina wanafunzi 48, na mkuu wa shule anataka kuanzia muhula ujao kila kipindi kitumie teknolojia. Unauliza uanze na programu ipi. Mimi nimefundisha fizikia na hisabati miaka 14, na miaka 9 kati ya hiyo nimekuwa na vifaa vya namna hiyo hiyo, kwa hiyo nitakujibu kwa yale yaliyonipata.

Suala la programu liweke kando kwanza. Chukua karatasi za mtihani wa mwisho uliosahihisha, utafute lile swali ambalo nusu ya darasa hulikosa kila mwaka hata ulifundishe vipi. Kwa miaka yako 22 nadhani unalijua bila kufungua karatasi. Hapo ndipo kifaa kina kazi ya kufanya. Mada ambazo wanafunzi wanakuelewa vizuri kwa chaki, ziache kwenye chaki.

Mimi nilianza kwa kuhamisha notisi. Likizo nzima nilichapa notisi zangu zote kwenye slaidi, na muhula ulipofungua nikawa nasoma kilichoandikwa ukutani huku wanafunzi wakinakili. Darasa lilikuwa kimya, na mtu akipita dirishani angesema kazi inafanyika. Mtihani ulipokuja, maswali ya kukokotoa yalifanywa vibaya kuliko mwaka uliotangulia. Nikamwita binti mmoja ambaye siku zote alikuwa mzuri, nikamuuliza kulikoni. Akanijibu: "Mwalimu, ukiandika ubaoni tunakwenda pamoja na wewe. Hii inakuja yote kwa mpigo, hatujui tuanze kutazama wapi."

Maneno hayo nilikaa nayo siku nyingi. Chaki ina mwendo wa polepole, na ni katika polepole hiyo mwanafunzi hupata nafasi ya kuona mstari wa pili unavyozaliwa na mstari wa kwanza. Baadaye nikakuta kwamba mwanasaikolojia Richard Mayer alikwishachunguza jambo linalofanana na hilo: mchoro ukielezwa kwa sauti, watu huelewa vizuri zaidi kuliko pale maneno yale yale yanaposomwa huku pia yameandikwa kwenye skrini. Macho yanavutwa huku na huku, na akili inachoka kabla ya kufika kwenye jambo lenyewe. Tangu hapo slaidi zangu hubeba mchoro, picha au swali tu. Ukokotoaji wote naufanya ubaoni kwa mkono.

Mada iliyobadilisha ufundishaji wangu ni umeme. Kila mwaka wanafunzi waliamini kwamba balbu "inakula" mkondo, yaani mkondo unaotoka kwenye balbu ni mdogo kuliko ule ulioingia. Unaweza kuwaandikia mara kumi kwamba katika sakiti ya mfululizo, yaani vifaa vikiungwa kimoja baada ya kingine kwenye njia moja, mkondo ni ule ule kila mahali. Watanakili na kukariri, kisha ukiwapa balbu mbili zinazofanana watakuambia ya kwanza inawaka zaidi kwa kuwa umeme unaifikia mapema. Si uvivu huo. Mtoto anafikiri kwa kile anachokijua: betri huisha, kwa hiyo lazima kuna kitu kinacholiwa njiani. Kumbe kinachotumika ni nishati, na mkondo unaendelea na mzunguko wake. Kwa chaki nilishindwa kumwonyesha, maana mchoro ubaoni hautembei.

Kuna mradi unaoitwa PhET, ulioanzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, na mwanafizikia Carl Wieman, aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel mwaka uliotangulia. Wanatoa bure majaribio ya kuigiza kwenye skrini. Katika lile la umeme, mwanafunzi anaunga betri, waya na balbu kwa kidole, na elektroni zinaonekana zikitembea kwa mwendo mmoja kabla na baada ya balbu. Ukiweka ameta (kipimo cha mkondo) moja huku na nyingine kule, namba ni ile ile. Baadhi ya majaribio hayo yana Kiswahili, na mengi unaweza kuyapakua ukayaweka kwenye flashi, yakafunguka bila intaneti.

Sasa tafadhali nisikilize hapa, maana hapa ndipo walimu wengi wanapoacha. Mara ya kwanza niliwaonyesha tu. Walishangilia, wakaomba nirudie. Wiki iliyofuata niliwapa swali la balbu mbili, na majibu yalikuwa yale yale ya zamani. Iliniuma sana. Nilipotafuta sababu nikakuta utafiti wa Catherine Crouch, Eric Mazur na wenzao wa Harvard, uliochapishwa mwaka 2004. Wanafunzi waliotazama jaribio tu walielewa zaidi kwa kiasi kidogo sana kuliko wale ambao hawakulitazama kabisa. Waliotakiwa kubashiri kwanza kitakachotokea ndio waliofaidika.

Siku hizi nafanya hivi. Mchoro wa sakiti unakaa ukutani na swali moja lenye majibu manne. Kila mmoja anaandika jibu lake daftarini kwa kalamu ya wino, hakuna kufuta. Tunapiga kura. Kisha kila mwanafunzi anamgeukia jirani aliyechagua jibu tofauti na kujaribu kumshawishi. Tunapiga kura tena, na hapo ndipo namwita mmoja aje aweke ameta ya pili. Darasa zima huwa linashika pumzi. Waliokosea ndio wanaouliza maswali mazuri kuliko wote, kwa sababu wameona kwa macho yao kitu kinachopingana na walichokiandika wenyewe.

Utaratibu huo wa kura, mjadala, kura ni wa Mazur huyo huyo, ambaye alianza kuutumia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kanuni yake ni nyepesi: waliopata wakiwa chini ya asilimia 30, rudi ufundishe upya, wakizidi asilimia 70, eleza kidogo usonge mbele, wakiwa katikati, waache wajadiliane. Na kura haihitaji kifaa kwa kila mtoto. Programu iitwayo Plickers inatumia simujanja moja tu ya mwalimu na kadi za karatasi unazochapisha mwenyewe. Kila kadi ina alama yake ya pekee, na mwanafunzi anaigeuza ili herufi ya jibu lake ikae juu. Unapitisha kamera juu ya darasa, majibu yote yanasomeka. Jirani hawezi kuchungulia, kwa kuwa kadi hazifanani na herufi zake ni ndogo mno. Zamani nilikuwa nauliza "mmeelewa?" na darasa zima linaitikia ndiyo. Siku ya kwanza ya kadi waliitikia ndiyo hiyo hiyo, kisha kura ikaonyesha zaidi ya nusu wamekosa. Wale wanne walionyamaza nyuma, ambao nilidhani hawafuatilii, watatu walikuwa wamepata.

Kwa hisabati, tazama GeoGebra, programu ya kuchora grafu na maumbo, nayo ni bure. Ukiwa unafundisha y = ax² + bx + c, unaburuta thamani ya a na grafu inabanana, inapanuka, inapinduka mbele ya macho yao. Waulize kwanza a ikiwa hasi itakuwaje, ndipo uburute.

Vishikwambi 12 kwa wanafunzi 48 ni wanne kwa kimoja, na hapo kuna mtego. Mmoja anakishika, wa pili anamwelekeza, wawili waliobaki wanaangalia dirishani. Kanuni iliyonisaidia ni hii: anayegusa skrini haamui, na anayeamua hagusi. Wa tatu anaandika matokeo, wa nne anawajibika kueleza kwa nini. Kila swali jipya wanazunguka nafasi. Kama ratiba inakuruhusu, gawa darasa nusu kwa nusu ili kifaa kiwe cha wawili, huku nusu nyingine ikifanya zoezi la daftarini. Wawili ni bora zaidi kuliko wanne, hilo sina shaka nalo. Na ukianza kueleza, vishikwambi vyote vilale kifudifudi juu ya meza. Utafiti wa Kanada wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba hata mwanafunzi ambaye hakuwa akichezea kompyuta, bali alikaa tu mahali anapoona skrini ya mwenzake anayeperuzi mambo mengine, alifanya vibaya kwenye mtihani wa somo lile.

Umeme ukikatika je? Utakatika, na mara nyingi siku uliyojiandaa vizuri. Mimi huandaa swali langu la kubashiri pia kwenye karatasi, na picha mbili tatu za skrini kwenye simu yangu. Kipindi kinaendelea, maana mjadala hauhitaji soketi. Mambo mengine ni ya kupitia haraka: vipe vishikwambi namba na kila kikundi kitumie namba ile ile siku zote, chaji usiku, jaribu kila kitu ukiwa kwenye chumba kile kile cha darasa na si nyumbani. Pia usiandikishe wanafunzi kwa majina yao kamili kwenye programu usiyoijua vizuri. Namba za orodha zinatosha.

Kuhusu agizo la kila kipindi. Mkuu wako anataka vifaa visikae kabatini, na katika hilo ana haki. Lakini kipindi kimoja kizuri cha namna niliyoeleza kilinichukua saa tatu za maandalizi mwaka wa kwanza. Ukilazimishwa kufanya hivyo kwa vipindi vyote vya wiki, utaishia kwenye slaidi za notisi kama mimi. Nenda kwake na mambo mawili. Ripoti ya mwaka 2015 ya OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi nyingi tajiri, ilikuta kwamba nchi zilizowekeza sana kwenye kompyuta za shule hazikuonyesha kupanda kwa maana katika alama za PISA, mtihani wa kimataifa wa wanafunzi wa miaka 15, za kusoma, hisabati wala sayansi. Na Peru, iliyogawa kompyuta mpakato kwa watoto wengi wa shule za vijijini, ilifanyiwa tathmini iliyochapishwa mwaka 2012: watoto walizitumia kompyuta kweli, lakini alama zao za hisabati na lugha hazikuongezeka. Kisha mwombe akukubalie mada moja kwa mwezi, uifundishe kwa utaratibu wa kubashiri, na umletee matokeo ya swali lile lile kabla na baada. Mimi nilimpelekea mkuu wangu karatasi mbili tu, kura ya kwanza na jaribio la wiki tatu baadaye. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniomba niwaonyeshe walimu wa kemia.

Niandikie hapa ni swali gani wanafunzi wako hulikosa kila mwaka, na jibu lile lile la makosa wanaloliandika, neno kwa neno. Jibu hilo la makosa ndilo litakalokuwa chaguo B kwenye kura yako ya kwanza. Tukishalipata, kuchagua programu hakutatuchukua hata jioni moja.