Wati 5 katika mashindano ya Morse: kwako unayeanza

Ukiingia mashindano ya redio ya ridhaa (amateur radio) na redio ya wati 5, anza kwa kusikiliza. Mwaka wangu wa kwanza nilikalia sehemu moja ya bendi nikapiga CQ, wito wa kumwita yeyote anayesikia, karibu saa nzima, wakanijibu watu wawili. Nilipoacha na kuanza kuwafuata wanaoita, niliwapata wengi zaidi ya hao ndani ya dakika kumi.

Mwenye wati 100 anakuzidi desibeli 13, zaidi kidogo ya vipimo viwili vya S, vile vinavyoonyesha nguvu ya ishara kwenye redio. Kituo unachokisikia vizuri kinaweza kukusoma, mradi pasiwe na mwingine anayekufunika. Kazi yako ni kuitafuta nafasi hiyo.

Chukua CQ WW ya Morse, mashindano ya dunia nzima, wikendi kamili ya mwisho ya Novemba. Kwa saa zetu za Afrika Mashariki huanza saa 9 usiku wa kuamkia Jumamosi, ikaenda saa 48. Unapeana ripoti, 5NN (599 kwa kifupi, yaani nakusikia vizuri), na namba ya kanda ya dunia uliyomo: Kenya, Tanzania na Uganda ni 37, Rwanda na Burundi 36. Jumamosi vituo vikubwa vya Ulaya vimezingirwa na waitaji, utamezwa. Wewe jiwekee nguvu za Jumapili mchana, kwenye bendi za mita 15 na mita 10. Wakati huo wameshaongea na karibu kila mtu, wanapiga CQ bila jibu, na huenda kanda ya 37 hawajaipata kwenye bendi hiyo. Kanda mpya huwaongezea kizidisho, yaani namba ya kuzidishia pointi zao, ndiyo maana watavumilia kukuuliza mara tatu.

Kabla ya kuita, hakikisha umemjua unayemwita. Piga ishara yako ya wito, yaani herufi na namba za kituo chako, mara moja, nyamaza. Waitaji wakiwa wengi, sogea pembeni hezi 50 hivi, au waache wamalize ndipo upige. Wengine huongeza "/QRP", yaani nguvu ndogo, mwishoni. Mimi sikushauri, inarefusha ishara ambayo tayari ni hafifu. Akikosea herufi, rudia ishara yako mpaka aipate sawasawa, kwa sababu akiiandika vibaya yeye hukatwa pointi. Na usijilazimishe mwendo wake: piga ule unaouweza bila kukwama.

Antena ndiyo ya kuhangaikia kuliko redio. Daipoli, antena rahisi ya waya inayolishwa katikati, ya bendi ya mita 15 ni waya usiofika mita 7. Uinue mita 7 au zaidi, kati ya minazi miwili ikiwezekana, uelekee mashariki–magharibi ili nguvu iende kaskazini, Ulaya iliko.

Jumapili moja, jua likielekea kuzama, kituo cha Ufini kilinipigia alama ya kuuliza mara nne. Kila mara nilirudia ishara yangu polepole, bila kuongeza neno. Mara ya tano akaipiga yote, na 5NN.