Kwa wewe unayeanza kuandika filamu ya mrembo aliyeanguka

Karibu kila mwandishi mpya wa filamu za maisha ana jina la mwanamke mmoja moyoni. Mara nyingi ni mwanamke aliyekuwa mzuri ajabu, aliyepigwa picha usiku na mchana, aliyewatia wasanii wakubwa ilhamu, kisha akafa angali kijana. Nimesoma na kuhariri skripti nyingi za aina hiyo, na zinafanana mno. Anaingia mjini, anapendwa, anaonjeshwa dawa za kulevya, anaachwa, anakufa. Ukibadilisha majina hutajua ipi ilikuwa ya nani. Ninachowaambia wanaoniletea kazi hizo ndicho nitakachokuambia wewe, na mfano wangu ni Edie Sedgwick, mrembo na mwigizaji wa New York wa miaka ya 1960, kwa sababu maisha yake yameachiwa kumbukumbu nyingi, na filamu aliyotengenezewa inafundisha kwa uzuri wake na kwa upungufu wake.

Filamu yenyewe ni Factory Girl. Iliongozwa na George Hickenlooper na ilianza kuonyeshwa mwishoni mwa 2006. Sienna Miller ni Edie, Guy Pearce ni Andy Warhol, mchoraji maarufu aliyempiga Edie filamu, na Hayden Christensen ni mwanamuziki ambaye hakupewa jina la mtu halisi. Itazame mara ya kwanza bila kalamu, uiache ikuguse. Miller anastahili hilo. Amemsoma Edie mpaka namna anavyoinua kidevu. Mara ya pili shika daftari, na kila sini, yaani kila tukio moja la filamu, ikiisha jiulize: hapa Edie amefanya nini? Usiandike alichofanyiwa. Utaona kwamba kadiri hadithi inavyosonga, mambo anayoyafanya mwenyewe yanapungua, hadi anabaki mtu wa kugombaniwa na wanaume wawili, mchoraji upande mmoja na mwanamuziki upande mwingine. Hapo ndipo filamu nyingi za namna hii zinapopotea. Kwa hiyo shika hili kabla hujaandika hata ukurasa mmoja: mwandike kama mtu aliyekuwa na kazi.

Alikuwa nayo kweli. Mwaka 1965 peke yake alionekana katika filamu kadhaa za Warhol, ambazo zilitengenezwa kwa utaratibu mgumu kwa mwigizaji. Kamera ya milimita 16 inawekwa, mkanda wa dakika 33 unaanza kuzunguka, na haukatwi mpaka uishe. Hakuna kurudia, hakuna kujificha nyuma ya mhariri. Katika Poor Little Rich Girl yuko chumbani kwake tu: anaamka, anaagiza kahawa kwa simu, anavuta sigara, anajipaka rangi usoni, anajaribu nguo, anaongea na mtu asiyeonekana. Mkanda wa kwanza hauna fokasi kabisa. Kwa nusu saa nzima unaona umbo lililofifia likitembea, halafu mkanda wa pili unaanza na uso wake unatokea wazi. Jaribu wewe kukaa mbele ya kamera muda huo wote bila mistari ya kukariri, uone kama kuna mtu atabaki kitini anakutazama.

Kuna nyingine nataka uitafute kwa juhudi zaidi, Outer and Inner Space, ya mwaka huohuo. Warhol alikuwa ameazimwa mashine ya kurekodi video, kitu kigeni sana wakati huo. Akamrekodi Edie kwanza kwa video, kisha akamkalisha mbele ya televisheni inayoonyesha mkanda huo na kumpiga filamu. Kwa hiyo kwenye fremu moja wapo Edie wawili. Yule wa televisheni ni mkubwa, anaonekana kwa upande, ametazama juu kidogo, na mdomo wake uko karibu na sikio la Edie aliye hai kana kwamba anamnong'oneza. Edie aliye hai anajitahidi kuongea na mtu aliye nje ya fremu, huku sauti yake mwenyewe ikimsumbua kutoka nyuma. Halafu mikanda miwili inaonyeshwa sambamba, kwa hiyo nyuso zinakuwa nne. Yote unayotaka kusema kuhusu msichana anayetazamwa mpaka anachoka kujisikia tayari yamo humo, na aliyeyabeba ni yeye. Jumba la Museum of Modern Art la New York ndilo linalohifadhi filamu za Warhol, na mara kwa mara zinaonyeshwa katika majumba ya sanaa. Ona alichokifanya mwenyewe kabla hujasoma watu walichosema juu yake.

Ukishaona, soma. Jean Stein, akisaidiana na mhariri George Plimpton, alichapisha mwaka 1982 kitabu kinachoitwa Edie, ambacho chote ni sauti za watu waliomjua: ndugu, marafiki, wapiga picha, watu wa studio. Ni hazina, na ni mtego pia kwa mwandishi mchanga. Watu wanapingana, na kila mmoja anasimulia vizuri, hivyo utavutwa na anayesimulia vizuri zaidi. Unapochukua simulizi, andika pembeni mambo mawili: huyu alikuwepo chumbani au alisikia? Na wakati anasimulia, alikuwa na la kujitetea? Sini tamu kuliko zote kwenye skripti nyingi huwa imetoka kwa mtu ambaye hakuwepo. Huna lazima ya kuitupa, lakini usiijengee nguzo ya filamu.

Sasa kalenda. Bandika karatasi ndefu ukutani na uweke tarehe zake zote kabla hujagawa sini. Kwa Edie, kazi hiyo peke yake inabadilisha hadithi. Alizaliwa Santa Barbara, California, tarehe 20 Aprili 1943, mtoto wa saba kati ya wanane, katika ukoo wa kale wa Massachusetts wenye jina na mali. Alilelewa kwenye ranchi, mbali na watoto wengine, chini ya baba aliyetawala nyumba yote. Mwaka 1962 alilazwa katika hospitali ya magonjwa ya akili ya Silver Hill, Connecticut. Mwaka 1964 kaka yake Minty alijiua. Kaka mwingine, Bobby, alipata ajali ya pikipiki na kufa Januari 1965. Ni mwanzoni mwa 1965 hiyohiyo ndipo alipokutana na Warhol.

Tazama tarehe hizo. Ukianza filamu yako na msichana mchangamfu anayeshuka kwenye gari New York, umemnyang'anya msiba aliokuja nao. Wanafunzi wengi wananiambia, "Lakini hadithi inahitaji adui." Warhol kama adui ni rahisi sana kuandika: mtu baridi, mwenye miwani meusi, anayewatazama watu wakiharibika. Wala simtetei. Studio yake, iliyoitwa Factory, ya East 47th Street, ambayo kuta zake zilifunikwa karatasi za kung'aa za rangi ya fedha, ilikuwa mahali ambapo amfetamini, dawa za kuchangamsha mwili, zilitumika kila siku, na Edie alitoa sura yake na jina lake kwenye filamu ambazo hazikumpa riziki. Hilo liandike, tena lionyeshe kwa fedha: nani alilipa bili ya mkahawa, nani alilipa teksi, urithi wake ulikwenda wapi. Fedha inaonyesha uhusiano wa watu waziwazi kuliko ugomvi wa kupigiana kelele. Lakini maumivu yaliyoanza nyumbani miaka mingi kabla huwezi kumbebesha mtu aliyekutana naye akiwa na miaka 21. Ukifanya hivyo familia inatoka salama, madaktari wanatoka salama, na mtazamaji pia anatoka salama, maana amepewa mtu mmoja wa kumchukia.

Kuhusu mavazi nitasema kwa kifupi. Nywele fupi zilizotiwa rangi ya fedha, soksi nyeusi ndefu zilizovaliwa kama nguo kamili, hereni kubwa zinazogusa mabega: hayo mwachie mbunifu wa mavazi, anayajua kuliko wewe. Ukurasa wa skripti unaojaa hereni ni ukurasa ambao mwandishi hakujua mtu wake anataka nini.

Suala la walio hai litakugharimu usipolijua mapema. Kwa sheria ya Marekani marehemu hawezi kukashifiwa, ndiyo maana Warhol, aliyefariki 1987, anaitwa kwa jina lake kwenye filamu. Mwanamuziki ni jambo jingine. Kabla Factory Girl haijatoka, mawakili wa mwanamuziki Bob Dylan waliwaandikia watengenezaji wakilalamika kwamba mhusika yule anamfanya aonekane ndiye aliyemsukuma Edie kwenye maangamizi. Kubadilisha jina hakukuwatosha, kwa sababu kila mtu aliweza kumtambua. Jifunze hapa: ukishamfanya mhusika avae, aongee na aimbe kama mtu fulani, jina la kubuni halifichi kitu. Ama uwe na ushahidi wa unachomsemea, ama umbuni mtu mwingine kabisa, au umtoe. Mara nyingi kumtoa ndiko kunakoiponya skripti, maana nafasi yake inarudi kwa mwenye filamu.

Nafasi hiyo utaihitaji kwa miaka ambayo karibu wote wanaikimbia, kuanzia 1966 mpaka 1971. Wenye haraka wanaifupisha kwa muziki wa huzuni na picha za sindano. Wewe ingia humo taratibu. Mwaka 1967 alianza kuigiza Ciao! Manhattan, filamu iliyoanza kwa nyeusi na nyeupe New York, ikakwama, ikamaliziwa kwa rangi California miaka ya 1970 na 1971, akiigiza mwanamke anayesimulia utukufu uliopita huku yeye mwenyewe akiwa mgonjwa. Fikiria siku moja tu ya kazi ile: anaamka, anakwenda kujiigiza akiharibika, jioni anarudi alikotoka. Katikati ya hayo alikutana hospitalini na Michael Post, wakaoana Julai 1971. Alikuwa anajaribu kuishi. Sini ya mtu anayejaribu inamuumiza mtazamaji kuliko kumi za mtu anayeanguka, na nimeliona hilo kila mara skripti inaposomwa mezani na waigizaji.

Dawa zionyeshe kwa matokeo yake kwenye siku ya kawaida: simu isiyopokewa, hasira ya ghafla, usingizi saa za kazi, deni. Jina la kidonge na idadi yake havimsaidii mtazamaji, na yule aliye hatarini vinaweza kumfundisha. Mwangaza mzuri juu ya ngozi ya mtu aliyezidiwa ni uongo. Mwambie mwongozaji hivyo ndani ya maandishi ya sini yenyewe, asije akajitungia baadaye.

Kifo chake kilitokea tarehe 16 Novemba 1971, Santa Barbara. Alikuwa na miaka 28. Jioni iliyotangulia alikwenda kutazama maonyesho ya mavazi, akarudi nyumbani, akalala, na asubuhi mumewe akamkuta amefariki. Chanzo kilikuwa dawa za usingizi, na kumbukumbu rasmi ziliacha yote mawili, ajali na kujiua. Kama waliomchunguza hawakuamua, wewe huna haki ya kuamua kwa niaba ya muziki wako. Andika jioni ile kama ilivyoenda, na ikate kabla ya kitanda.

Mwisho, kabla skripti haijafika kwa prodyuza, watafute ndugu waliobaki. Usiende kuomba ruhusa ya kila mstari, maana hutaipata na kazi itakufa. Nenda na sini za nyumbani tu, uzisome nao kwa sauti, na uwaulize maswali madogo: nani alikaa wapi mezani, baba alikuwa anaitwaje, nani alikuwa akiwachekesha. Majibu ya maswali hayo hayamo kwenye kitabu chochote, na sini za utotoni haziandikiki bila hayo.