Kwa wazee wa kanisa mliochaguliwa juzi

Hongereni. Mtasimikwa mbele ya usharika, mtapigiwa vigelegele, na Jumapili inayofuata mtaonyeshwa viti vyenu pale mbele. Kaeni bila wasiwasi, kiti hakina dhambi. Angalieni tu moyo usiume siku mtakapokuta mwingine amekikalia.

Marko 10 inasimulia jinsi Yakobo na Yohana walivyomwomba Yesu nafasi za kuume na kushoto. Wale kumi waliobaki wakakasirika. Mimi nadhani kilichowaudhi ni kuwahiwa. Naye Luka anaandika kwamba ubishi wa nani mkubwa ulizuka mezani, usiku ule ule wa karamu ya mwisho. Kwa hiyo msitegemee kwamba kukaa karibu na madhabahu kunaponya ugonjwa huu.

Anayetaka ukubwa waziwazi mtamjua mapema. Kazi iko kwa yule mchapakazi. Ndiye anayewahi kufungua kanisa, spika zikikoroma anaitwa yeye, hesabu zote anazo kichwani. Siku akisafiri, ibada inachelewa kwa sababu funguo za vestri, kile chumba cha kanisa cha kuvalia majoho, ameondoka nazo, na daftari la sadaka hakuna mwingine anayelielewa. Anatumika kweli, jasho linamtoka, lakini kila alichoshika kimekuwa mali yake. Ukikigusa, umemgusa yeye. Nimeona baraza zima likimwogopa mtu wa namna hii kuliko linavyomwogopa mchungaji.

Basi kila kazi mtakayopewa, ifanyeni huku mkimfundisha mtu. Sadaka ihesabiwe na watu kadhaa, kiasi kiandikwe hapo hapo, wote watie saini, na wahesabuji wapokezane. Msibani, mkikuta vijana wanafunga turubai na kupanga viti, shikeni nao kwanza. Habari za nani atatoa salamu za usharika mtaulizia baadaye. Tarehe 11 Aprili 2019, kule Vatikani, Papa Fransisko akiwa na miaka 82 alipiga magoti akabusu viatu vya Salva Kiir na Riek Machar, viongozi mahasimu wa Sudan Kusini, akiwasihi wadumishe amani nchini mwao. Picha zilienea dunia nzima. Ninyi hamtapigwa picha mkimsafisha mgonjwa, na kwenye matangazo ya Jumapili pengine hamtatajwa. Nendeni tu.

Muda wenu ukiisha, kabidhini funguo siku hiyo hiyo, pamoja na daftari na namba ya simu ya fundi wa spika.