Ukiingia maktaba, saini daftari

Mlangoni mwa maktaba nyingi kuna meza, na juu ya meza kuna daftari kubwa la kaunta lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi. Mimi nililipita daftari hilo karibu miaka miwili bila kuliandika. Nilikuwa narudia mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nyumbani kwetu Nyasho tulikuwa wengi na meza ni moja, kwa hiyo nilichokifuata Maktaba ya Mkoa wa Mara, hapa Musoma mjini, ni kiti na utulivu. Nilikuwa nikiwahi asubuhi napata nafasi ya dirishani, nafungua madaftari yangu, jioni naondoka kimya kimya.

Siku moja mkutubi, mama wa makamo, akaniita pembeni. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akasema: "Mwanangu, nakuona kila siku, lakini kwenye daftari langu haumo."

Nilidhani ni mambo ya ulinzi. Akanikalisha, akafungua kurasa za mwezi ule na kunionyesha anavyojumlisha kwa penseli: wanaume wangapi, wanawake wangapi, watoto wangapi. Jumla ile iliingia kwenye ripoti ya kwenda makao makuu ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, Dar es Salaam, kwenye Maktaba Kuu ya Taifa ambayo Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama hapa kwetu, aliifungua tarehe 9 Desemba 1967. Akiomba viti, vitabu vipya au mtumishi wa kukaa na watoto, hoja yake ni ile namba. "Usiposaini, hukuja," akaniambia. Niliona aibu, maana niliipenda sana sehemu ile na kwenye hesabu zake sikuwa nimewahi kufika hata siku moja.

Kwa hiyo saini. Hata kama umeingia kusoma gazeti kwa dakika kumi, saini.

La pili, azima vitabu. Wengi wetu tunaingia maktaba na vitabu vyetu, tunakaa katikati ya rafu zilizojaa, tunatoka bila kugusa hata kimoja. Fungua jalada la nyuma la kitabu cha zamani utakuta karatasi iliyogandishwa, yenye mihuri ya tarehe za kurudisha. Nakumbuka kitabu kimoja cha ufugaji nyuki. Mihuri ya miaka ya themanini ilikuwa imebanana, wino wa zambarau umepauka, mingine imegongwa kichwa chini kwa haraka. Kisha ikaachana, mmoja kwa mwaka, hadi 1996. Baada ya hapo pakabaki peupe mpaka ulipogongwa wa kwangu. Wakutubi wanapopunguza vitabu ili wapate nafasi, karatasi nyeupe kama ile huangaliwa mapema. Ukitaka vitabu vya Kiswahili vibaki rafuni, vichukue nyumbani uvisome, uvirudishe kwa wakati.

Uanachama si kazi kubwa. Mimi nilijaza fomu, nikapeleka picha za pasipoti, nikapata mdhamini na kulipa ada ya mwaka. Ulizia kaunta kiasi cha ada na kama wanataka barua ya serikali ya mtaa, usitegemee maneno ya jirani.

Halafu jifunze kuuliza. Usiulize tu "kitabu fulani kipo?" Eleza shida yako. Shemeji yangu alikuwa anataka kufuga sato kwenye vizimba ziwani, na alichokuwa nacho ni video za kwenye simu, kila mmoja anasema lake. Nikamsindikiza. Alipoeleza habari yake, mkutubi hakutazama hata orodha, akatupeleka moja kwa moja kwenye rafu ya 639, namba ya uvuvi na ufugaji wa samaki katika mpangilio wa Dewey unaotumika maktaba nyingi duniani. Shemeji alikaa pale siku tatu, akanakili ukurasa kwa ukurasa, na mipango yake ya chakula cha samaki akaibadilisha yote. Ukishaijua namba ya jambo lako, utalikuta kwenye namba hiyohiyo hata ukihamia Mwanza au Tabora.

Kwa wazazi nina ombi. Maktaba msiifanye mahali pa kumwacha mtoto wakati mnakwenda sokoni. Siku za mwanzo kaa naye chini, msomee kwa sauti ya chini, mwache achague mwenyewe hata kama anachagua kitabu kilekile wiki nne mfululizo. Wangu alifanya hivyo, na wiki ya tano akaanza kunisomea yeye.

Na pale mlangoni usimwandikie jina. Watoto wanahesabiwa peke yao, na hesabu yao ndiyo inayoombea viti vidogo na vitabu vya picha. Mwache ashike kalamu mwenyewe. Binti yangu huandika polepole, ameuma ulimi, herufi zinapanda juu ya mstari, na watu walio nyuma yetu husubiri hadi amalize.