Kupanga Mji Ambao Watu Wake Hawakurudi: Kwa Wanaoanza Kazi ya Mipango Miji

Sisi tuliosomea mipango miji Afrika Mashariki tulizoea kanuni moja kuliko nyingine zote: chukua idadi ya watu ya sensa, izidishe kwa kasi ya ongezeko, kisha tafuta viwanja vya kuwatosha. Nilipopewa mji wa Vukovar, nchini Kroatia, kuwa zoezi langu la kwanza kuhusu miji iliyopigwa na vita, nilitumia kanuni hiyo hiyo, nikageuza tu alama ya kujumlisha kuwa ya kutoa, nikadhani nimemaliza. Mwalimu aliirudisha kazi ikiwa na swali moja pembeni: "Huyu aliyeondoka, nyumba yake umeiweka wapi?"

Sensa ya mwaka 1991 ilihesabu watu 44,639 mjini Vukovar. Miezi michache baadaye mji ulizingirwa kwa siku 87, ukaanguka mikononi mwa jeshi la Yugoslavia na wapiganaji wa Kiserbia tarehe 18 Novemba 1991, na haukurejea rasmi chini ya Kroatia hadi Januari 1998. Sensa ya 2011 ilikuta watu 27,683, na ile ya 2021 takriban 23,000. Angalieni vizuri tarehe hizo, kwa sababu mji uliendelea kupungua hata baada ya nyumba kujengwa upya. Kabla ya vita kiwanda cha viatu cha Borovo kiliajiri watu zaidi ya 20,000, na wanaofanya kazi humo leo ni sehemu ndogo tu ya hao. Paa jipya halimrudishi mtu asiyekuwa na ajira, hasa baada ya Kroatia kujiunga na Umoja wa Ulaya mwaka 2013 na njia ya kwenda kutafuta kazi Ujerumani kuwa nyepesi.

Basi anzeni na mabomba, wala msianze na ramani ya matumizi ya ardhi. Gharama ya mtandao wa maji hufuata urefu wake kuliko idadi ya watumiaji, kwa hiyo watu wakipungua nusu, bili hubaki karibu ile ile na hugawanywa kwa wachache waliobaki. Maji nayo hukaa mno ndani ya mabomba mapana hadi nguvu ya klorini ikapungua, na majitaka hutiririka polepole yakiacha mashapo. Mtasema tukate mtandao kuanzia pembezoni. Ingekuwa rahisi kama nyumba tupu zingejipanga pembezoni, lakini kwa kawaida hutawanyika, moja hapa, mbili kule, katikati ya familia zinazoishi.

Na kila nyumba tupu ina mwenyewe, au ina warithi watano katika nchi tatu. Msiandike "eneo wazi" juu ya kiwanja cha mkimbizi, kwani kalamu yenu itakuwa imekamilisha kazi ya bunduki. Njia ninayoipenda niliiona Leipzig, mji wa Ujerumani Mashariki uliopoteza watu baada ya 1990 kwa kufungwa kwa viwanda, si kwa vita: manispaa iliingia mikataba na wenye viwanja, jengo bovu likabomolewa, kiwanja kikatumiwa na umma kwa muda huku hati ikibaki kwa mwenyewe. Baadaye Leipzig ilianza kukua tena, na hapo ndipo thamani ya neno "kwa muda" ilipoonekana.

Jambo la mwisho ni shule, na hapa hesabu pekee haitawafikisha mbali. Watoto wakipungua, mtaalamu huunganisha shule mbili kuwa moja. Vukovar, watoto wa Kikroatia na wa Kiserbia husoma katika madarasa tofauti, kila kundi kwa lugha yake, na wazazi wengi wa pande zote mbili wana sababu zao. Msichore mstari wowote wa kuunganisha kabla hamjakaa nao, na mkae na kila upande zaidi ya mara moja, kwa maana katika kikao cha kwanza watawajibu kuhusu vita tu, na habari za umbali wa kutembea na idadi ya walimu zitakuja katika cha pili au cha tatu.